Kirumba, banda umiza au sebuleni? Na hii timu yetu ni ya nani? Tulinganishe wana Mwanza

Mjomba_Pasiansi (mwanzisha mada)

Wakuu habari za humu, poleni na majukumu. Naomba mnishauri kabla sijaingia gharama kichwakichwa. Nina mtoto wa dada yangu yuko Ukerewe, darasa la saba, mpira wa ligi anaujua wa kwenye banda la kuonyeshea mpira pale Nansio na wa kwenye simu ya mama yake, uwanjani hajakanyaga hata siku moja. Sasa anakuja kukaa kwangu wiki tatu na kabla hata hajapanda meli kashanipigia mara nne, mjomba utanipeleka Kirumba, mjomba usisahau.

Mimi mwenyewe niwe mkweli, mara ya mwisho kuingia Kirumba ni 2017 kipindi cha Mbao. Baada ya hapo nikawa mtu wa banda na siku hizi nimekuwa mtu wa sebuleni kabisa, king'amuzi kipo, kochi lipo, wife analeta chai, mvua ikinyesha inanyesha huko huko kwenye luninga. Kwa hiyo nalinganisha: nimpeleke siku ya Pamba Jiji ya hapa Mwanza na timu ya kawaida, watu wachache tujinafasi, au nisubiri Mnyama (Simba) au Wananchi (Yanga) washuke huku ndo aone uwanja umefurika, au tumalizane kwenye banda la jirani kwa buku mbili, yangu na yake, tukirudi ugali bado wa moto.

La pili, dogo anataka nimkatie kadi ya uanachama. Nikamuuliza ya timu gani, akasema "ya timu yetu". Timu yetu ipi, akanyamaza, na mimi nikanyamaza, salio likaisha tukiwa tumenyamaza wote. Manake Pamba ni ya halmashauri ya jiji, uwanja ni wa chama (CCM), Simba na Yanga wana wenyewe Kariakoo huko. Karibuni.

Ngosha_Mabatini

Banda. Usijitese.

Uwanjani unalipa kiingilio, unalipa daladala kwenda na kurudi, unanunua maji na karanga, na ukirudi nyumbani hujui goli liliingiaje maana jamaa wa mbele alisimama. Bandani unaliona mara sita, unaona na mkono wa beki ulikuwa wapi, na ubishi juu. La kwetu huku Mabatini lina luninga mbili, ya kulia ligi yetu ya kushoto Uingereza, ukikaa benchi la katikati unageuza shingo tu kama feni. Mwenye banda anatembea na rimoti mfukoni, mkileta fujo anazima zote mbili mnabaki mnaangaliana gizani mpaka mtu mzima mmoja asimame awaombee msamaha.

Siku ya marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023, Yanga na USM Alger kule Algiers, tulibanana hadi wengine wamekaa juu ya kreti za soda. Yanga wanashinda moja bila, lakini Dar walishafungwa mbili moja, kombe linaenda kwa goli la ugenini. Kuna mzee mmoja pale ni Simba wa kadi, akavua kofia akasema "hapa mmeonewa", watu kimya. Kirumba utavipata wapi hivyo?

TP_Lindanda_Damu

Vijana mna maneno sana.

Mjomba, usimpeleke mtoto siku ya Simba wala siku ya Yanga. Mimi nimeanza kuingia Kirumba nikiwa mdogo kuliko huyo wako, tulikuwa tunasubiri nje dakika za mwisho geti likiachiwa tunamwagika ndani bure. Nimeiona Pamba ile ya ubingwa wa 1990, wakati huo pamba ni pamba kweli, mkulima wa Kwimba anaileta kwenye mizani asubuhi na jioni anakuja kuishangilia.

Mpeleke siku ya watu wachache. Kaa naye chini karibu na uzio, usawa wa benchi la ufundi. Atasikia kipa anavyopanga mabeki, "toka, toka, kushoto kwako, mtu huyo", atasikia mpira ukigonga kifua cha mtu, dug, hiyo luninga haikupi. Atasikia kocha akimwambia winga wake maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na hayo nayo akayasikie. Siku ya Simba na Yanga atamwona nani? Ataona migongo ya watu.

Alafu kuna jambo sitaki alione mapema. Novemba 2024 Simba walikuja hapa kucheza na Pamba, wakashinda moja bila kwa penalti ya Ateba. Nilikuwa mzunguko, majukwaa ya bei ya chini. Penalti ilipoingia uwanja ulilipuka ungedhani wenyeji ndo wamefunga. Nikamgeukia kijana wa pembeni yangu, jezi ya Simba imemkaa vizuri, Kisukuma kinamtoka safi, nikamuuliza wewe kwenu wapi. Akanijibu kwa adabu kabisa, Nyakato mzee.

Machinga_Mwaloni

Shikamoo mzee Lindanda. Huyo wa Nyakato si mimi ila angeweza kuwa mimi hahaha.

Tutetee kidogo mzee wangu. Pamba ilishuka 2001 ikarudi 2024, miaka 23. Mimi nimezaliwa haipo, nimesoma haipo, nimeoa haipo, nimepata mtoto haipo. Mshua alinirithisha vitu viwili, baiskeli na Simba, baiskeli imeshakufa. Sasa timu inakuja ukubwani inaniambia mimi ndo wa kwenu, sawa karibu, kaa hapo kwanza tuzoeane. Siku Pamba ikicheza na Namungo au na Dodoma Jiji naenda na naishangilia mpaka koo linakauka, ikicheza na Mnyama nakaa kimya dakika 90. Hiyo ndo heshima ninayoiweza kwa sasa. Kuzomea sizomei.

TP_Lindanda_Damu

Marahaba mwanangu. Kukaa kimya nakupokea, ni mwanzo.

DadaNansio

Mjomba umelinganisha bei na watu ila hujagusa safari, na mtoto anatoka kwetu visiwani. Mimi ni wa Ukerewe nauza nguo Makoroboi, kaka zangu wakija mpirani ndo nawalaza mimi kwa hiyo najua. Mechi inaanza saa kumi jioni, ikiisha meli ya kurudi Nansio hakuna, uzungukie Bunda ukavuke kwa kivuko cha Kisorya usiku huo haiwezekani. Mpira wa dakika 90 unakula siku mbili na kitanda changu. Wenzetu wa Sengerema na Geita tangu daraja la Kigongo Busisi lifunguliwe Juni 2025 wanakuja wanaangalia wanarudi kulala kwao, zamani na wao foleni ya feri ilikuwa inawamaliza wanafika half time. Sisi wa kisiwani bado.

Na mmeongea wote hakuna aliyetaja choo. Kuna uwanja mmoja kanda hii, siutaji, nilienda na wifi yangu ana mimba ya miezi sita. Tukauliza choo cha wanawake tukaonyeshwa, mlango una kufuli. Mwenye funguo nani, fulani, yuko wapi, yuko jukwaani anaangalia mpira. Tukamtafuta kwa majina katikati ya watu kama elfu mbili hivi, tukampata dakika ya 70 akakasirika tumemkatiza kona.

Banda nalo Ngosha usinidanganye, nikiingia mnageuka wote kama nimekuja kudai deni. Mimi naenda Kirumba jukwaa kuu, kwenye kivuli, naongeza hela kidogo basi. Mzunguko jua la saa kumi linakutazama usoni na mvua ya huku mnaijua inavyokuja, inatokea ziwani hata haibishi hodi.

Ngosha_Mabatini

Dada Nansio samahani kwa niaba ya mabanda yote. Njoo la kwetu, tutaangalia mbele.

KadiNambaNdogo

Nijibu la kadi maana mengine mmemaliza. Mkatie ya Simba. Mimi ni mwanachama nalipia kila mwaka na nilikuwa upande wa mabadiliko tangu 2017, tajiri Mo Dewji anakuja na bilioni 20 mezani, serikali ikachora mstari kwamba mwekezaji asivuke asilimia 49 na 51 zibaki kwa wanachama. Watu walisema tunauza timu. Haya, kabla ya hapo tulikaa bila ubingwa tangu 2012 hadi 2018, mnakumbuka yale mateso? Alafu tukaanza kuchukua, tukafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika 2019, na 2025 tukacheza fainali ya Shirikisho na Berkane. Hela inaongea ndugu zangu. Timu ya wanachama watupu ni vikao na kugombea ufunguo wa ofisi.

Mwananchi_Buhongwa

Fainali mliyofungwa ndo unaitaja kwenye CV. Ila poa na sisi tulifungwa yetu ngoja nisiongee sana hahaha. Ubingwa wa ligi 2022, 2023, 2024, 2025 umeenda kwa nani mkuu? Na sisi mdhamini GSM yupo anatoa hela na kadi zetu zipo na rais tunampigia kura. Mjomba mletee dogo kijani na njano.

Asilimia 51 nikuulize swali moja tu KadiNambaNdogo. Mara ya mwisho hiyo 51 yako imezuia usajili gani? Imemrudisha kocha gani? Na mimi najiuliza hivyo hivyo kwa upande wangu, sikucheki.

KadiNambaNdogo

Hapo umenibana utopolo wewe. Natumia kadi kupata heshima tawini, niseme ukweli.

Fundi_wa_Igoma

Nimesoma mpaka hapa nikaona niweke spana chini niandike, samahanini itakuwa ndefu.

Mjomba ameuliza timu yetu ni ya nani. Jamani Mwanza hii hakuna aina ya mwenye timu ambayo hatujaijaribu. Tulikuwa na ya watu wa pamba, mzee Lindanda kaisema. Tukawa na Toto African, jina la utani Kishamapanda, ya wanachama mtaani kabisa, ila nusu ya wanachama wenyewe ni Yanga kwa hiyo siku Yanga akija timu inakuwa na kigugumizi. Tukawa na Mbao, ya wauza mbao kama jina lake. Tukawa na Alliance ya shule, watoto wanasoma asubuhi wanapiga mpira jioni, na mpira wao ulikuwa mzuri kuangalia, pale Nyamagana kwenye nyasi bandia walikuwa wanapiga pasi mpaka unasinzia kwa raha. Tukawa na Gwambina ya Misungwi, hiyo ya mtu binafsi, uwanja wake mwenyewe kajenga. Na sasa Pamba Jiji ya halmashauri.

Angalieni zilivyoishia. Toto ilishuka 2017. Alliance na Mbao zilishuka pamoja 2020, Mbao ilitolewa na Ihefu kwenye mchujo. Gwambina ilipanda 2020 ikashuka 2021, msimu mmoja tu, uwanja mzuri ukabaki umekaa pale Misungwi unaangalia magari ya Shinyanga yakipita. Kwa hiyo mtu asije hapa akaniambia tajiri ndo jibu au wanachama ndo jibu, vyote tumevila na vyote vimetutoka.

Lakini Mbao bwana. Nikisema kuhusu raha ya uwanjani nina siku mbili tu maishani na zote ni 2017, zote Kirumba, zote Yanga. Ya kwanza Aprili, nusu fainali ya Kombe la FA, Mbao moja Yanga bila. Ya pili Mei, siku ya mwisho ya ligi. Yanga anasubiri kukabidhiwa ubingwa, yuko sawa na Simba pointi 68 kwa 68 ila anamzidi magoli, na Mbao asiposhinda anaweza kushuka. Mimi nilikuja na mafuta ya gereji mikononi, sikupata muda wa kunawa. Mbao wakafunga moja. Kuanzia hapo sikuangalia mpira tena niliangalia saa ya mzee wa pembeni yangu, sisi wawili tumeinamia saa moja kama watu wanaosoma barua. Filimbi ilipolia yule mzee alinikumbatia, alafu akajiangalia shati lake jeupe lina viganja vyangu viwili vyeusi mgongoni. Akacheka akasema hili silifui. Sijui anaitwa nani mpaka leo.

Ile siku hakuna aliyeuliza Mbao ni ya nani. Wiki moja baadae wakaenda Dodoma fainali ya FA wakafungwa na Simba mbili moja, penalti ya Kichuya dakika ya 120. Mpaka leo nikiona mbao za mninga nakumbuka.

Mjomba_Pasiansi

Fundi na mimi nilikuwepo hiyo ya Mei!! Nilikuwa nyuma ya goli. Aiseee umenirudisha mbali.

Shy_wa_Ndala

Majirani hodi, naingia kutoka Shinyanga. Kabla hamjagombana sana kuhusu kampuni na wanachama jifunzeni kwetu Stand United. Timu ilizaliwa stendi ya mabasi, wapiga debe na madereva, ikapanda ligi kuu, Acacia wa migodini wakaja na udhamini wa maana kweli. Basi 2016 ikatokea Stand United kampuni na Stand United wanachama, kila upande una viongozi wake na kila upande ndo halali. Mdhamini akaangalia akaondoka zake. 2019 tukashuka. Stendi ipo, mabasi yapo, ligi kuu tunaiangalia kwenu.

Mchambuzi_Uchwara

Nyongeza kidogo maana naona mnadhani ni shida ya kanda ya ziwa. Ujerumani wana sheria ya 50+1, wanachama wa klabu lazima washike kura nyingi, tajiri aweke hela ila asiamue peke yake, ndo maana kule tiketi za kusimama bado bei ya binadamu na uwanja unajaa. Kwenye karatasi 51 yetu inafanana na yao. Tofauti yao mwanachama anaenda kwenye mkutano mkuu anapiga kelele na bodi inatetemeka, sisi tunaenda kwenye mkutano mkuu kula wali na kuuliza jezi mpya inatoka lini.

Uingereza hawana hiyo, anayeweza kununua ananunua. Man United walichukuliwa na Glazer 2005, na 2010 mashabiki wakavaa skafu za kijani na dhahabu kwa hasira, miaka imepita. Ila mkasa unaotuhusu sisi ni wa Wimbledon. Timu ya London, 2002 wakaruhusiwa kuihamishia Milton Keynes huko mbali, mashabiki wakasema hatuendi, wakaanzisha AFC Wimbledon yao wenyewe kutoka ligi za chini kabisa, 2011 wakawa wamerudi kwenye ligi za kulipwa.

Sasa Fundi kaitaja Ihefu, hiyo hiyo iliyowatoa Mbao. Iko wapi? Ilikuwa ya Mbarali Mbeya, mashamba ya mpunga, 2024 imekuwa Singida Black Stars iko Singida. Na Fountain Gate ikiwa bado na jina la Singida ilihamia hapa hapa Kirumba 2024, msimu uliofuata ikawa Babati. Kirumba ikawa kama gesti tu, timu inaingia na begi inalala inaondoka. Watu wa Mbarali walianzisha AFC Ihefu? Walirudi shambani. Siwalaumu, hivi sisi tungefanya nini?

Machinga_Mwaloni

Tungehamia banda la Ngosha.

Machinga_Mwaloni

Ila Mchambuzi umenifanya niwaze kitu serious. Pamba Jiji ni ya halmashauri si ndio? Halmashauri inaishi kwa nini, ushuru. Mimi kila siku asubuhi hapa mwaloni dagaa zikishushwa nalipa ushuru napewa risiti, ninazo kwenye mfuko wa rambo nyumbani kilo nzima. Kwa hiyo mimi ni mwekezaji wa Pamba Jiji. Mo kaweka bilioni mimi nimeweka dagaa. Nataka kujua kiti changu kwenye bodi kiko upande gani na kama kuna chai.

Alafu utani pembeni, ndo hapo penyewe. Nikichelewa ushuru nafuatwa mpaka chini ya meza. Kwenye timu sijafuatwa hata siku moja kuulizwa kocha tumpe mechi ngapi, jezi iwe rangi gani, kiingilio kiwe bei gani. Diwani akiamua hela iende kwenye mtaro badala ya usajili sawa hata mimi mtaro nautaka, nyuma ya nyumba yangu pananuka. Ila sasa hiyo ni timu au ni idara?

Fundi_wa_Igoma

Idara hahaha. Lakini kwa haki tuseme, ndo hiyo idara iliyoirudisha ligi kuu baada ya miaka 23, na msimu wa kwanza ikabaki. Ya wanachama watupu ilikuwa imelala huko madaraja ya chini. Na idara ina uzuri mmoja, jiji haliwezi kuamka asubuhi likahamia Babati.

Mchambuzi_Uchwara

Hilo Fundi umenifunga goli, halina VAR.

Niongeze tu kuhusu hela ya mlangoni. Tangu 2021 Azam wana mkataba wa haki za matangazo wa miaka kumi, bilioni 225.6. Timu zote zinapata mgao wake. Ni jambo jema, mishahara inalipwa kuliko zamani. Ila maana yake mimi ninayekaa kwenye kochi na wewe unayekaa mzunguko, timu inapata kwangu bila kunifungulia geti. Ndo maana choo cha Dada Nansio kina kufuli. Mteja wao mkubwa hahitaji choo chao, ana chake nyumbani.

DadaNansio

Sentensi nzuri kuliko zote uzi huu, nimecheka peke yangu dukani mteja kaondoka.

Mwananchi_Buhongwa

Mi naona kama mnazidi kuilaumu siku ya Simba na Yanga. Mzee Lindanda kwa heshima zote, tarehe 28 Februari 2025 tulikuja tukawafunga Pamba tatu bila, na siku hiyo wauza karanga, mihogo, bendera, bodaboda, mama ntilie wa Furahisha, gesti za Kitangiri, wote walikula. Mama mmoja wa sato wa kukaanga aliniambia mechi moja ya Yanga ni sawa na wiki mbili zake. Mtoto akiona uwanja umejaa mpaka hewa inatetemeka hiyo kitu haisahau. Kuangalia mpira na watu mia tano wametawanyika kama mbuzi wa Misungwi ndo raha gani?

TP_Lindanda_Damu

Mwanangu wa Buhongwa, sikatai karanga ziuzwe. Mimi nasema mtoto wa mara ya kwanza. Umpeleke siku hiyo ukamatane naye mkono kutoka getini hadi getini, asione mpira wala asione wewe, jasho la watu linamwagikia kichwani. Mara ya pili mpeleke.

Ngosha_Mabatini

Mzee kaniharibia biashara lakini kasema kweli. Mimi mtoto wangu nilimpeleka siku ya uwanja kujaa akiwa na miaka saba, alichokumbuka ni kwamba aliona farasi wa polisi. Hakukuwa na farasi. Sijui aliona nini.

Mjomba_Pasiansi

Wakuu nimewasoma wote, leo nimeshinda na uzi huu mpaka wife kauliza nachati na nani.

Nimeamua hivi. Mechi ya kwanza siku ya Pamba na timu ya kawaida, jukwaa kuu kwenye kivuli kama alivyosema Dada Nansio, ila kipindi cha pili tunashuka kwenye uzio nyuma ya benchi kama alivyosema mzee, shikamoo mzee na asante. Banda tutaenda Jumamosi ya Uingereza, Ngosha tuwekee benchi la katikati. Simba au Yanga wakiangukia kwenye zile wiki tatu tutaona, wasipoangukia basi.

Kadi bado. Nilimpigia dogo jana nikamsomea zile habari za Machinga kwamba analipa ushuru wa dagaa ndo mwenye timu. Akauliza mjomba na mama si anaanika dagaa. Nikamwambia ndio. Akasema basi asubiri kwanza amuulize mama kama ana risiti.

Machinga_Mwaloni

Ushuru wa Ukerewe unaenda halmashauri ya Ukerewe mwambie, huko wana timu gani?

DadaNansio

Tuna ya mitaa, inacheza uwanja wa Nansio, kiingilio hakuna, choo kipo na hakina kufuli. Mlango nao hauna.

Mjomba_Pasiansi

😂😂 Mechi ya kwanza ni wiki ijayo. Anayekuja aniambie tukutane Furahisha chini ya lile daraja la waenda kwa miguu saa nane na nusu, nitakuwa na dogo amevaa jezi ya Brazil. Ndo aliyonayo.

Fundi_wa_Igoma

Nakuja. Safari hii nanawa mikono.